Mchoraji aliyefukia michoro yake mchangani

UKIBAHATIKA kufika Lodwar wakati wa kiangazi, msomaji, teremka hadi ukingoni mwa mto Turkwel utazame miti. Wakati huo jua la Turkana huwa limekausha kila kitu, mbuzi wanahangaika na vijiti, na vumbi la barabara ya kwenda Kakuma limetanda hewani. Lakini hapo kando ya mto utauona mti mkubwa wa jamii ya mgunga, umejaa majani mabichi kana kwamba mvua ilinyesha jana. Waturkana huuita edurukoit. Ajabu ni kwamba mvua inapokuja na miti mingine kuanza kuchipua, mti huu hupukutisha majani na kubaki mtupu kama uliokufa. Maganda yake huanguka wakati ambapo mifugo haina cha kula, na ndiyo sababu wafugaji hawapendi kuuona ukikatwa ovyo.

Mti huo huo humea kandokando ya Nile nchini Sudan. Huko unaitwa haraz, na watu husema kwa mzaha kwamba haraz uligombana na mvua. Yupo mchoraji wa nchi hiyo ambaye alipokwisha kuwa mtu mzima sana alianza kuuchora mti huu, na akauchora tena na tena kwa miaka mingi. Aliona ndani yake habari ya mtu anayekataa kufuata mkumbo. Mchoraji huyo ni Ibrahim El-Salahi, na maisha yake yanaonyesha kwamba hakuuchagua mti huo kwa bahati.

Huenda unajiuliza Sudan inatuhusu nini. Hadi Julai 9, 2011, siku Sudan Kusini ilipopata uhuru wake, Sudan ilikuwa jirani yetu wa mpakani. Mtu aliyesimama Todonyang, kule ambako ziwa Turkana linakaribia Ethiopia, alikuwa na Sudan upande wa kaskazini magharibi, ng'ambo ya ile Pembetatu ya Ilemi ambayo wachora ramani hawajaacha kuiwekea mistari ya nukta. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilianzishwa kwa ajili ya maelfu ya watoto waliotembea kwa miguu kutoka kusini mwa Sudan. Habari za mmoja wao, Valentino Achak Deng, ziliandikwa na Mmarekani Dave Eggers katika riwaya iliyotoka mwaka 2006, na Kakuma imo ndani yake kwa kurasa nyingi. Kwa hiyo jirani huyu tumemjua kwa vita vyake na kwa wakimbizi wake. Lakini piga hodi katika nyumba kumi za Nairobi uombe jina la msanii mmoja tu wa Sudan, uone utajibiwa nini.

Ubao wa chuoni

El-Salahi alizaliwa Septemba 5, 1930, mjini Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum, pale ambapo maji yanayotoka ziwa letu la Victoria hukutana na yale ya Nile ya Buluu. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani, na chuo chenyewe kilikuwa nyumbani kwao. Watoto waliandika aya kwenye ubao kwa wino, wakazikariri, kisha wakaufuta ubao na kuanza upya. Mtoto aliyehitimu sehemu fulani ya Kurani aliruhusiwa kuupamba ubao wake kwa nakshi. Mchoraji huyu amekuwa akisema kwamba sanaa aliianzia hapo, kwenye ubao wa baba yake, kabla hajajua kwamba duniani kuna kitu kinachoitwa chuo cha sanaa.

Wasomaji wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Ni wao waliorithi ufundi wa wanakili wa Siyu, waliokuwa wakiandika misahafu kwa mkono na kuipamba pembezoni kwa wino mweusi na mwekundu. Herufi ya Kiarabu kwao ni neno la kusoma na pia ni umbo la kutazama. Hata kanga, ambayo sasa majina yake huandikwa kwa herufi za Kirumi, zamani ilikuwa na maneno ya herufi za Kiarabu.

Kijana Ibrahim alisomea sanaa Khartoum, katika Chuo cha Gordon Memorial, na mwaka 1954 akapata msaada wa masomo kwenda Slade, chuo cha sanaa chenye sifa kubwa jijini London. Si Msudani pekee aliyepita hapo. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyefundisha Makerere na baadaye kuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza, naye alisoma Slade katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Ilikuwa desturi ya wakati ule: ukitaka kuitwa mchoraji kamili, basi ukapigwe msasa kwa Waingereza.

Mwaka 1957 El-Salahi alirudi nyumbani kufundisha, na mikononi alikuwa na kila alichofunzwa: sura za watu, vyombo vya mezani, mandhari, rangi za mafuta.

Waliondoka wasirudi

Hapa ndipo panaponigusa zaidi katika habari za mtu huyu, kuliko hata jela ninayokuja kuisimulia. Aliandaa maonyesho katika Grand Hotel ya Khartoum. Siku ya ufunguzi watu walifika, wakakaribishwa vinywaji, wakaamkiana, wakaondoka. Siku zilizofuata hapakuwa na mtu. Akajaribu tena, mambo yakawa yale yale.

Wasanii wengi tunaowajua hapa kwetu wangefanya nini? Wangesema watu hawana elimu ya sanaa, wangeilaumu serikali, kisha wangepanda ndege kurudi kwa wanunuzi wa ng'ambo. El-Salahi aliligeuza swali likamwelekea mwenyewe. Nyumba za watu hawa zimejaa vitu vya kupendeza, sasa kwa nini picha zangu hazina nafasi ndani yake? Akaweka brashi chini kwa muda, akaanza kuzunguka nchini kutazama kile ambacho watu walikwisha kukiona kizuri kabla yeye hajaenda London: mikeka, nakshi za kuta, matandiko ya ngamia, na zaidi ya yote maandishi.

Aliporudi kazini alianza kwa uoga kidogo, akiandika herufi ndogo za Kiarabu pembeni mwa picha. Watu wakasogea. Akaziongeza, wakasogea zaidi. Mwishowe akazivunja zile herufi zenyewe, akitaka kuona kuna nini ndani yake, na kutoka humo yakatoka maumbo ya wanyama, mimea na nyuso ndefu zenye macho matupu kama za mizimu. Rangi nazo akazipunguza, akabaki na nyeusi, nyeupe na zile za udongo wa nchi yake. Picha yake mashuhuri ya wakati huo, ambayo jina lake huzungumzia sauti za ndoto za utotoni zilizozaliwa upya, aliishughulikia kuanzia 1961 hadi 1965, na sasa imo katika hazina ya jumba la Tate, London. Watu wa picha hiyo ni warefu, wamefunikwa mashuka, wamesimama kama waliokuja kukuuliza jambo.

Hakuwa peke yake. Alikuwapo Ahmed Shibrain na alikuwapo bibi mmoja hodari sana, Kamala Ibrahim Ishaq, na kundi zima likaja kujulikana kama Shule ya Khartoum. Jina hilo husemekana lilitolewa na mwalimu mwenzao mgeni, Denis Williams, mzaliwa wa Guyana. Huyu Williams anastahili makala yake mwenyewe: alikuwa mchoraji na pia mtunzi wa riwaya. Alifundisha Khartoum kuanzia 1957 hadi 1962, na mwaka uliofuata akachapisha riwaya juu ya mtu mweusi wa Karibi anayejitafuta katika nchi ya Kiafrika ambayo, ingawa imepewa jina la kubuni, kila aijuaye Sudan ataitambua mara moja.

Brashi na kalamu

Mwanafunzi anayesoma fasihi ya Afrika chuoni huenda amekutana na El-Salahi bila kujua. Mwaka 1968 kampuni ya Heinemann ilitoa kwa Kiingereza hadithi za Msudani Tayeb Salih zilizobeba jina la harusi ya Zein, katika mfululizo ule ule wa Waandishi wa Afrika uliotuletea vitabu vya Ngugi wa Thiong'o na Chinua Achebe. Michoro iliyomo ni ya El-Salahi.

Wawili hawa ni watu wa rika moja. Salih alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha kaskazini kando ya Nile, akaenda London, akafanya kazi katika idhaa ya Kiarabu ya BBC. Riwaya yake kubwa, ile ya majira ya kuhamia kaskazini, ilichapishwa kwanza katika jarida moja la Beirut mwaka 1966. Inamhusu msomi anayerudi kijijini kwao kutoka Ulaya na kumkuta mtu mwingine aliyetangulia kurudi, mwenye siri nzito moyoni. Mwaka 2001 jopo la wataalamu mjini Damascus liliitaja kuwa riwaya muhimu kuliko zote za Kiarabu za karne ya 20. Katika nchi ya mtunzi mwenyewe, serikali ya miaka ya 1990 iliipiga marufuku.

Soma riwaya hiyo kisha utazame picha za El-Salahi, utaona kwamba mmoja kwa kalamu na mwenzake kwa brashi walikuwa wanauliza jambo moja. Mtu aliyekwenda kaskazini akajifunza yote ya huko, akirudi nyumbani anarudi kwa nani? Mhusika wa Salih hapati jibu jema. El-Salahi alilipata, nalo likamgharimu.

Miezi sita na siku nane

Mwaka 1969 alipelekwa ubalozi wa Sudan mjini London kushughulikia utamaduni. Mwaka 1972 serikali ya Jenerali Jaafar Nimeiry ikamwita nyumbani kuongoza idara ya utamaduni. Alipanda hadi kuwa mmoja wa maofisa wakuu wa wizara, na sura yake ikajulikana majumbani kwa kipindi cha televisheni cha mazungumzo na wasanii. Lakini kazi ya serikali ya kijeshi, msomaji, ni kama kulala chumba kimoja na chui. Usiku hujui ataamka na njaa gani.

Septemba 1975 lilitokea jaribio la kumpindua Nimeiry. Likashindwa, na msako ukaanza. El-Salahi alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika, akatiwa katika gereza la Kober, Khartoum. Hakufikishwa mahakamani. Alikaa humo miezi sita na siku nane, katika chumba kimoja na wafungwa wenzake, watu wa kila aina.

Kalamu na karatasi zilikuwa marufuku. Aliyekutwa navyo alijua kinachomngoja ni kufungiwa peke yake. Hebu fikiria adhabu hiyo kwa mtu ambaye tangu utotoni mkono wake haujakaa bure! Alichofanya ni kuokota vipande vya karatasi ya mifuko ya saruji, akavichanilia mbali vikawa vidogo, na kwa kijipande cha penseli akachora. Kisha akavifukia mchangani, kila kimoja mahali pake.

Udogo wa vipande hivyo ulimfunza jambo ambalo Slade haikumfunza. Kichwani alikuwa na picha kubwa, lakini karatasi haikumtosha hata kwa kiganja. Basi akawa anachora sehemu tu, kama kiini cha yai, akijua kwamba sehemu ya pili itakuja kwenye kipande kingine siku nyingine, na kwamba huenda asivione vyote vikiwa pamoja. Tangu hapo hiyo ikawa njia yake ya kazi. Huanza na karatasi moja bila kujua picha itaishia wapi, kisha huongeza nyingine ubavuni, na nyingine juu, nayo picha ikakua kama mti unavyotoa matawi.

Alipoachiliwa mwaka 1976 alibaki katika kizuizi cha nyumbani. Hapo alichukua daftari, na kutoka kichwani mwake akaijaza kurasa kwa wino mweusi: minara na kuta, nyuso zilizobanana, ndege, na maandishi yake ya nathari na mashairi kati ya michoro. Wanaosema El-Salahi ni mchoraji tu hawajalifungua daftari hili. Lilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, ambalo mwaka 2018 lilichapisha nakala yake ili kila mtu aione. Baadaye aliandika pia kitabu cha maisha yake kwa Kiarabu.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu watanisamehe nikipenyeza neno. Tunao watoto ambao madaftari yao ya hesabu huanza kwa hesabu na kumalizikia kwa michoro, na sisi huyachana. Baba yake El-Salahi alikuwa mwalimu wa dini mwenye msimamo, katika mji wa dini, miaka ya 1930. Hakumpokonya mwanawe ule ubao.

Doha, kisha Oxford

Baada ya kizuizi hicho El-Salahi aliondoka Sudan. Alikwenda Qatar kufanya kazi katika Wizara ya Habari, na kwa miaka mingi hakuonyesha watu picha. Na nani alikuwa afisa mkuu katika wizara hiyo hiyo ya Doha miaka ile? Tayeb Salih. Wasudani wawili wakubwa, mmoja wa riwaya na mwingine wa picha, wote wakila mkate wa ugenini. Salih hakurudi kuishi nyumbani. Alifariki London Februari 18, 2009, akazikwa Omdurman.

Ni huko Qatar, mwaka 1984 na 1985, El-Salahi alipoitoa ile picha kubwa iliyokuwa imefukiwa. Ilikuwa karatasi tisa zilizounganishwa, wino mweusi juu ya nyeupe, imejaa miili iliyosongamana na ngumi zilizoinuliwa. Jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema Lisiloepukika. Aprili 1985 wananchi wa Sudan waliingia barabarani na Nimeiry akaanguka. Mchoraji hakuwa mtabiri, lakini alikuwa ameishi na watu hao chumba kimoja.

Picha hiyo ilihifadhiwa na chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Mwenyewe alitaka irudi Sudan siku watu wake watakapokuwa na haki zao. Siku hiyo bado. Kuanzia Aprili 15, 2023, Khartoum na Omdurman ziligeuka uwanja wa vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF, na Jumba la Makumbusho la Taifa liliporwa. Na wale waliozoea kudhani kwamba ni watu wa kusini tu wanaokimbia, vita hivi vimewatoa nyumbani hata watu wa mji aliozaliwa El-Salahi, mamilioni kwa mamilioni.

Mwaka 1998 alihamia Oxford, Uingereza. Ulaya ilichelewa kumwona. Tate Modern ilimwandalia maonyesho makubwa mwaka 2013, naye akiwa na miaka 82, na mwaka 2018 jumba la Ashmolean la Oxford likafuata. Mwaka huo huo moja ya miti yake ya haraz, safari hii iliyotengenezwa kwa chuma chepesi, ilisimamishwa katika bustani ya Regent's Park jijini London, mahali ambapo mvua hainyeshi kwa msimu na hakuna mti unaoweza kugombana nayo.

Uzee ukaja na maradhi. Mgongo ulimuuma, mkono ukaanza kutetemeka, kusimama mbele ya picha kubwa kukawa shida. Dawa zake zilikuja katika vipakiti vidogo vya karatasi ngumu. Akavipasua, akavigeuza upande wa ndani usio na maandishi, na akiwa ameketi kitini akachora kwa kalamu ya wino, kipakiti baada ya kipakiti, bahasha baada ya bahasha, kwa sababu alipokuwa akichora maumivu yalipungua. Vilipofika vingi vilionyeshwa New York mwishoni mwa mwaka 2022, na baadhi yake mafundi wamevikuza hadi vikaenea kwenye turubai refu kumpita mtu.